Kisima Kimeharibika na Jirani Kuna Timbo: Namna ya Kutafuta Chanzo

Penye machimbo ya mawe, kisima kikipungua au kikichafuka, watu huwa na jibu tayari: baruti imekata mshipa wa maji. Kuna nyakati wana haki kabisa. Kuna nyakati pampu imechoka, au vuli haikunyesha, au choo cha jirani kimeanza kuvuja, na timbo linasingiziwa. Malalamiko yasiyo na vipimo hayafiki mbali. Mwenye timbo ana mhandisi, ana ripoti ya mazingira, ana kumbukumbu za milipuko yake. Mama mwenye kisima ana ndoo ya maji ya tope. Mwongozo huu ni wa huyo mama, na wa yeyote anayemsaidia, ili siku akienda kudai aende na namba.

Kwanza, ujue umekalia mwamba gani

Ukanda wa pwani, kuanzia Kunduchi na Wazo hadi Kilifi, mwamba ni wa matumbawe na chokaa. Una matundu, mifereji na mapango, na maji hupita humo haraka bila kuchujwa vya kutosha. Uchafu uliomwagika upande mmoja unaweza kutokea kisimani upande wa pili baada ya siku chache tu. Ukienda bara kidogo, Lugoba na Msolwa, zinakotoka kokoto nyingi za ujenzi wa Dar es Salaam, mwamba ni mgumu na maji hukaa kwenye nyufa zake na kwenye tabaka la juu lililooza. Huko kisima kilicho mita 80 kutoka kwenye timbo kinaweza kusalimika, na cha mita 300 kikakauka, kwa sababu hicho cha mbali kilichimbwa kwenye ufa uleule ambao timbo limeukata. Kwa hiyo mtu akikuambia "uko mbali mno, haiwezekani", au "uko karibu, lazima ni wao", bado hajasema lolote la kutegemewa.

Swali lenye uzito kuliko yote ni hili: sakafu ya timbo iko juu au chini ya usawa wa maji ya ardhini? Timbo linalokata kilima na kubaki juu ya maji linaweza kuyachafua, lakini ni vigumu liyanyonye. Timbo lililoshuka chini ya usawa huo lazima lipampu ili wachimbaji wafanye kazi pakavu, na kila lita inayotolewa imetoka kwenye mwamba unaolizunguka. Dalili huonekana hata ukiwa nje ya uzio: bomba nene linalomwaga maji mfululizo hadi katikati ya kiangazi, mfereji usiokauka, bwawa sakafuni ambalo halipungui jua likiwaka mwezi mzima. Ukiona hayo, andika tarehe na upige picha.

Vipimo viwili vya kamba

Kabla ya kuingia kwenye dalili, pima. Tafuta utepe wa fundi ujenzi au kamba isiyovutika, funga uzito safi mwishoni, paka chaki kavu sehemu ya chini. Pima asubuhi kabla mtu hajateka wala pampu haijawashwa, kila mara kutoka alama ileile uliyoichora kwenye mdomo wa kisima. Chaki ikilowa itakuonyesha maji yanaanzia wapi. Kisha shusha uzito hadi uguse chini. Sasa una kina cha maji na kina cha sakafu ya kisima.

Vipimo hivi viwili hutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya kila siku. Maji yameshuka na sakafu iko palepale: maji ya ardhini ndiyo yaliyoshuka. Maji yako palepale lakini sakafu imepanda mita moja: kisima kimejaa mchanga au udongo, kinahitaji kusafishwa. Vyote viko kama zamani lakini bombani yanatoka kidogo: shida iko kwenye pampu, kwenye bomba lililotoboka au kwenye umeme mdogo. Mita kumi za kamba zinaweza kukuokolea gharama ya kuchimba kisima kipya.

Pima mara moja kwa wiki, andika kwenye daftari pamoja na mvua iliyonyesha na saa ya kila mlipuko unaousikia. Mwombe jirani mmoja aliye karibu zaidi na timbo na mwingine aliye mbali nalo wafanye hivyohivyo. Daftari tatu za miezi sita zina nguvu kuliko barua yenye sahihi mia mbili.

Maji yanapungua polepole, mwezi hadi mwezi

Hii ndiyo dalili inayohusishwa zaidi na timbo lenye kina kirefu, na ndiyo inayochanganywa zaidi na ukame. Kisima cha kawaida hupumua na misimu: hushuka kuelekea mwisho wa kiangazi, hupanda baada ya masika. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia, usilinganishe Oktoba na Mei. Kama kila masika kisima kinarudi lakini hakifiki pale kilipofika mwaka uliopita, ingawa mvua ilikuwa ya kutosha, hapo kuna kitu kinachonyonya.

Kitu hicho si lazima kiwe timbo. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, wengi waliokuwa na uwezo walikimbilia kuchimba visima virefu majumbani. Mitaa yenye visima vingi vipya inaweza kushusha maji yake yenyewe bila timbo hata moja. Hesabu visima vilivyoongezeka mtaani kwako, kisha tazama mpangilio wa kupungua. Kama waliopungukiwa zaidi ni walio upande wa timbo na hali inakuwa nafuu kadiri unavyosogea mbali, mteremko wa maji unaelekea kwenye shimo. Kama mtaa mzima umeshuka sawasawa, pamoja na visima vilivyo mbali sana, tazama mvua na visima vipya kwanza.

Kuna jaribio moja zuri ambalo timbo lenyewe hukufanyia: siku linaposimama. Mtambo ukiharibika, mkataba ukiisha, au pampu ya shimoni ikizimwa wakati wa sikukuu ndefu, pima kisima kila siku. Maji yakipanda bila mvua, kisha yakashuka tena pampu ikirudi kazini, umepata ushahidi ambao mtaalamu yeyote ataupa uzito. Si kila kisima kitaonyesha kwa siku chache. Katika mwamba mgumu maji yanaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi.

Tahadhari juu ya kuongeza kina. Mafundi wengi hushauri hilo moja kwa moja, na mara nyingine ni sawa. Lakini kama sakafu ya timbo inaendelea kushuka kila mwaka, mita tano unazolipia leo zitanyonywa kesho kutwa. Uliza kwanza leseni yao inaruhusu kina gani. Na kama uko pwani, soma sehemu ya chumvi hapa chini kabla hujamlipa fundi.

Maji yalikauka ghafla, siku ileile ya mlipuko

Hapa ndipo hadithi ya mshipa uliokatwa inapozaliwa. Mlipuko hutikisa ardhi, na mtetemo wake hupimwa kwa kasi ya chembe za udongo, milimita kwa sekunde. Binadamu huhisi mtetemo mdogo sana, hata chini ya milimita 1 kwa sekunde, na madirisha hutikiswa pia na msukumo wa hewa. Viwango vilivyopendekezwa na US Bureau of Mines, ofisi ya madini ya Marekani, mwaka 1980 kwa nyumba za kawaida huishia kwenye milimita 50 kwa sekunde, na huwa chini zaidi mtetemo unapokuwa wa mawimbi ya polepole. Kisima kilichojengwa vizuri kwa kawaida huvumilia mtetemo kuliko ukuta wa nyumba, kwa sababu kimeshikwa na ardhi pande zote. Kwa hiyo kuhisi nyumba ikitetemeka si ushahidi kwamba kisima kimepasuka.

Lakini mlipuko na uchimbaji ni mambo mawili. Mwamba ukiondolewa, ule uliobaki unapoteza shinikizo lililokuwa likiubana, na nyufa zake hufunguka kidogo. Maji yaliyokuwa yakisimama kwenye nyufa hizo hupata nafasi mpya na usawa wake hushuka, wakati mwingine kwa ghafla. Na kama uchimbaji wa siku hiyo umekata ufa unaolisha kisima chako, maji yataanza kutokea kwenye ukuta wa timbo. Kwa hiyo wale wanaosema mshipa umekatwa hawasemi upuuzi. Kilichoukata ni shimo zaidi kuliko tetemeko. Tofauti hii ina maana ofisini, kwa sababu mwenye timbo atakuonyesha rekodi za mtetemo zilizo ndani ya kiwango na kusema kesi imekwisha. Haijaisha. Muulize kuhusu maji yanayochuruzika ukutani mwa shimo, na usawa wa sakafu yake.

Visima vya zamani vilivyojengewa kwa matofali yasiyo na saruji, au pete za zege zilizopangwa bila kuunganishwa vizuri, ni dhaifu zaidi. Hivyo vinaweza kumeguka ndani kwa mtikisiko ambao kisima kingine hakiuhisi. Pima sakafu: kama imepanda, kuta zimeporomoka.

Usimshushe mtu kisimani siku ya mlipuko, wala siku zinazofuata, kabla hewa haijahakikishwa. Baruti huzalisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kusafiri kupitia nyufa na kukusanyika mahali palipozibwa kama kisima au shimo. Pia usishushe ndani ya kisima pampu ya petroli inayounguruma. Watu huzimia kabla hawajapata nafasi ya kupiga kelele, na anayeshuka kuwaokoa huzimia juu yao.

Maji meupe, ya tope au yenye mchanga

Chota glasi moja ya kioo angavu, iweke juu ya meza, itazame kwa dakika tano. Weupe ukipotea kuanzia chini kwenda juu, hivyo ni viputo vya hewa. Maana yake mara nyingi ni kwamba maji yameshuka hadi mdomo wa pampu na inavuta hewa. Zima pampu kabla mota haijaungua, kisha rudi kwenye kamba. Weupe ukituama chini kama unga, hilo ni vumbi la mawe au chokaa. Likiwa jekundu au la kahawia, ni udongo au kutu.

Muda ndio unaoeleza mengine. Tope linalotokea saa chache baada ya mlipuko na kuisha ndani ya siku moja au mbili ni masalia yaliyotikiswa kutoka kwenye kuta za kisima au nyufa. Linaudhi, lakini likipita halina madhara ya kudumu. Tope linalokuja baada ya kila mvua, hata wiki ambazo baruti haikulipuliwa, limeingia kutoka juu: ama kwa mdomo wa kisima chako ambao haukuzibwa, ama kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye marundo ya vumbi la krasha na kuzama kwenye matundu ya chokaa. Kagua kwako kwanza. Je, zege kuzunguka kisima limepasuka? Je, nafasi kati ya kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) na udongo ilijazwa saruji mita za mwanzo, au fundi alirudishia udongo tu? Kasoro hii ni ya kawaida mno, na kuirekebisha ni gharama ndogo ukilinganisha na kesi.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe chini ya NTU 1 (NTU ni kipimo cha uchafu unaotia maji ukungu) kabla ya kuwekwa dawa, na likitambua mazingira magumu, yasizidi NTU 5. Sababu ni kwamba vijidudu hujificha nyuma ya chembe za tope na klorini haiwafikii. Ukiweka Waterguard kwenye maji ya tope umejidanganya. Yaache yatuame usiku kucha, mimina yaliyo juu kupitia kitambaa safi, ndipo utie dawa au uchemshe.

Yamekuwa ya chumvi

Pwani hili ni jambo zito kuliko kukauka, kwa sababu kisima kilichokauka hupona mvua ikija, ila kilichoingiwa na bahari huchukua miaka.

Chini ya ardhi ya pwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, maana ya bahari ni mazito zaidi. Kanuni inayojulikana kwa majina ya Ghyben na Herzberg husema kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze sasa: timbo au visima vikishusha maji kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20 baada ya muda. Ndiyo maana kuongeza kina cha kisima karibu na bahari mara nyingi ni kuifuata chumvi ilipo.

Nunua au azima kipimo kidogo cha mkononi cha upitishaji umeme, kile kinachotumika pia na wafugaji wa samaki (chumvi ikiongezeka, namba hupanda), na andika namba yake kila wiki pamoja na kina cha maji. Ulimi huanza kulalamika kloridi ikipita takriban miligramu 250 kwa lita, na maji yenye jumla ya madini yaliyoyeyuka zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita watu wengi huyakataa. Lakini kipimo huona mabadiliko miezi kadhaa kabla ya ulimi. Namba ikipanda kila maji yanaposhuka, bahari inasogea. Swali la nani anaivuta, timbo au visima vya mtaa, hujibiwa na zile daftari tatu.

Harufu ya dizeli

Mafuta juu ya maji, rangi za upinde wa mvua, harufu ya gereji: acha kunywa, kupikia na kuogea mara moja. Kuchemsha hakusaidii na moto karibu ni hatari. Vyanzo vya timbo ni matenki ya mafuta, jenereta na sehemu za kubadilishia oili za magari. Vyanzo vya nyumbani ni jenereta yako mwenyewe iliyowekwa kando ya kisima na pampu inayovuja. Sampuli ichukuliwe kwenye chupa ya kioo, ijazwe hadi juu, ipelekwe baridi.

Nitrati, ambayo huioni wala huisikii

Baruti inayotumika zaidi machimboni ni mchanganyiko wa amonia nitrati, takriban asilimia 94, na mafuta ya dizeli, asilimia 6. Amonia nitrati huyeyuka upesi. Ikimwagika wakati wa kujaza mashimo, au ikitiwa kwenye shimo lenye maji na isilipuke yote, huingia ardhini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati kwa lita. Wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji hayo: damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Kuchemsha huongeza nitrati, kwa sababu maji hupungua na yenyewe hubaki. Mama mwenye kichanga apate maji mengine bila kusubiri uchunguzi uishe.

Hata hivyo, katika mitaa yetu chanzo kikubwa cha nitrati ni vyoo vya shimo. Omba maabara ipime pamoja nitrati, amonia, kloridi na bakteria wa kinyesi. Nitrati ikija na kloridi na bakteria hao, elekeza macho chooni kwanza. Nitrati ikija na amonia lakini bakteria hawapo na kloridi haijabadilika, baruti inastahili kuulizwa. Kilimo chenye mbolea ya chumvichumvi huleta sura kama hiyo, kwa hiyo taja mashamba yaliyopo. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji ziko mikoani. Chukua chupa kutoka kwao, na ya bakteria ifike ikiwa kwenye barafu, siku ileile.

Ukishapata sura ya tatizo

Andika ukurasa mmoja: kisima kiko wapi, kina chake, kilichimbwa lini, kilikuwaje, kimebadilika vipi, tarehe za vipimo. Ambatanisha daftari, matokeo ya maabara na picha. Kwa Tanzania anza na serikali ya mtaa au kijiji ili barua iwe na muhuri, kisha ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako. Kwa Kunduchi na Lugoba ni Bonde la Wami/Ruvu, na msingi wao ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Nakala iende NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo inatambua kwamba mchafuzi hulipa, na ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa, inayosimamia leseni. Kwa Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) na NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, na ikishindikana Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Omba mambo mahususi: kumbukumbu za mtetemo za tarehe ulizozitaja, kiasi cha maji kinachopampwa kwa siku, usawa wa sakafu ya timbo, na sehemu ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayohusu maji ya ardhini. Kama ripoti haina vipimo vya visima vya majirani vya kabla ya uchimbaji kuanza, sema hivyo kwa maandishi, kwa sababu pengo hilo ni la mwenye mradi na halipaswi kugeuzwa mzigo wako. Omba pia kisima cha uchunguzi kati ya timbo na makazi, kinachopimwa mbele ya mwakilishi wa mtaa, na maji ya bure kwa kaya zilizoathirika kuanzia siku malalamiko yanapopokelewa, uchunguzi ukiendelea. Mwenye timbo aliye na pampu ya shimoni ana maji. Kuyasafisha na kuyafikisha kwa boza kwenye simtank ya mtaa ni ombi dogo ukilinganisha na anachotoa ardhini.

Na kama timbo ndiyo kwanza linapimwa, bado halijaanza, anza daftari leo na upeleke sampuli moja maabara mwezi huu, mwishoni mwa kiangazi nyingine, na nyingine baada ya mvua. Hakuna kipimo utakachochukua baadaye kitakachoweza kuziba nafasi ya hivyo vitatu.